Kabla ya Kuhesabu Pupitre, Tupime Kwanza Magoti ya Watoto



Mimi ni mtu wa sendika. Tangu miaka mingi kazi yangu ni kutetea wafanyakazi wa mine: mshahara, viatu, kofia, dawa, na mgongo. Ndiyo, mgongo. Katika mashauri yote wafanyakazi wananiletea, hakuna lenye linarudi mara nyingi kama lile. "Delege, kiuno kinaniuma." "Delege, siwezi tena kuinama." Wengine ni vijana wa miaka 25, lakini wakitaka kusimama wanashika ukuta kama wazee.

Leo sitaandika juu ya mshahara. Nitaandika juu ya mgongo, lakini si ule wa mfanyakazi. Ni mgongo wa mtoto wa miaka 6 mwenye anaketi darasani. Na nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe, ili mtu asiseme kwamba nanyoshea wengine kidole.

Miaka michache imepita, nilikuwa ndani ya komite moja yenye kupanga miradi ya maendeleo kwa feza inayotoka kwenye mine. Kila mtaa ulileta mahitaji yake. Sisi tulikuwa na shule ya msingi ambayo watoto wengi walikuwa wanaketi chini, wengine juu ya matofali, wengine juu ya bido za mafuta zilizotoboka. Tukaandika kwenye karatasi: "Pupitre 60." Nikatia saini. Tukapiga makofi, tukarudi nyumbani na furaha.

Pupitre zikafika. Zote 60, hakuna hata moja iliyopotea njiani. Mbao nzuri, misumari mizuri, rangi nzuri. Tukagawanya 10 kwa kila darasa, tangu mwaka wa kwanza mpaka wa sita. Mtoto wangu wa mwisho, msichana, alikuwa mwaka wa kwanza. Siku ya tatu akarudi nyumbani akaniambia:

"Papa, miguu yangu iko inalala."

"Inalala namna gani?"

"Haifike chini."

Siku ya pili yake nikaenda kuona. Darasa la mwaka wa kwanza, miguu yote ilikuwa inaning'inia hewani. Meza ilifika kwenye kifua cha watoto, kwa wengine karibu na kidevu. Mabega yalipanda mpaka kwenye masikio ili mkono ufikie daftari. Wengine walichoka, wakapiga magoti juu ya ubao wa kuketia ili waandike. Nikaenda mwaka wa sita. Kule kulikuwa vijana wa miaka 13 na 14, maana wengi wetu tulichelewa kuwatia watoto shuleni. Magoti yao yaligonga chini ya meza, basi waliketi upande, miguu kwenye njia, mgongo umepindwa kama kamba. Ni katikati tu, mwaka wa tatu na wa ine, ndiko nilikuta watoto wengi wameketi vizuri.

Kumbe pupitre zote 60 zilikuwa kipimo kimoja. Hakuna mtu aliyekula feza. Fundi alifanya vile aliambiwa. Kosa ni sisi tulioandika "60" bila kuandika urefu. Tulihesabu, hatukupima.

Sasa ndugu zangu, niwaulize jambo moja. Kama kampuni ingeleta viatu vya usalama kwa wafanyakazi 60, na vyote vikawa namba 43, sisi watu wa sendika tungefanya nini? Tungevikataa siku ileile. Tungesema: huyu anavaa 39, yule 45, mnataka wavunjike miguu? Na tungekuwa na haki. Lakini pupitre 60 za namba moja tulizipokea, tukaimba na kushukuru. Kwa nini? Kwa sababu mtoto hana delege. Mtoto akiumia mgongo, tunasema ni mvivu, ao hatulie, ao hapendi masomo.

Nianze na hesabu. Mtoto wa shule ya msingi anaketi darasani tuseme saa 4 kwa siku. Mwaka wa masomo uko na siku karibu 200. Hiyo ni saa 800 kwa mwaka. Kwa miaka 6 ni saa 4,800. Mfanyakazi mwenye kufanya saa 8 kwa siku anahitaji siku 600 za kazi ili afikie hesabu ile. Ni karibu miaka miwili ya kazi. Na mtoto anaifanya wakati mifupa yake ingali inakomaa.

Kuketi si kupumzika. Daktari mmoja wa Uswidi, Alf Nachemson, katika miaka ya 1960 alipima kwa sindano ya pekee mukandamizo wenye uko ndani ya mgongo wa mtu, kwenye vile vitu laini kama mpira vyenye viko katikati ya mifupa. Aliona kwamba mtu akiketi bila kuegemea, vinakandamizwa kuliko akisimama. Akiinama mbele tena, inazidi. Watu wa mine wanafahamu jambo hili bila kusoma kitabu: dereva wa mashini mwenye kiti kibovu anarudi nyumbani na kiuno kibaya kuliko mwenye alishinda amesimama. Ndiyo maana mashini kubwa za siku hizi ziko na kiti cha kupandisha na kushusha. Mtu mzima anapewa kiti chenye kumfuata. Mtoto anaambiwa afuate kiti.

Hapa nataka niseme ukweli, maana kuna uongo mwingi. Wazazi wengine wanasema pupitre mbaya inazaa kibyongo. Hapana. Kibyongo kikitoka kwa mtoto, mara nyingine ni kifua kikuu kilichoingia ndani ya mifupa ya mgongo, na kuna migongo yenye kupindana ambayo haitokane na kuketi. Mzazi akiona mfupa unatokeza mgongoni, ao bega moja limepanda kuliko lingine, ampeleke mtoto hospitali upesi, asingojee pupitre mpya. Kile ambacho kiti kibaya kinafanya ni kingine: maumivu ya shingo, ya mabega na ya kiuno, ganzi kwenye miguu, mkono wenye kuchoka upesi, mwandiko mbaya, na kichwa chenye kuacha kusikiliza mwalimu. Mtoto anasikia mwili wake, hasikie tena somo. Kisha tunashangaa kwamba mwaka wa ine hajui kusoma.

Najua wako watakaonijibu: "Ee delege, sisi tulisoma kwenye matofali, na tuko wazima! Babu zetu waliketi chini kwenye mkeka, hawakulalamika mgongo." Nimesikia neno hilo mara mingi, hata kwa walimu. Nijibu bila hasira.

Kwanza, si kweli kwamba tuko wazima. Waulizeni wafanyakazi wangu. Mimi mwenyewe nikiamka asubui ninageuka kwanza upande mmoja kisha mwingine kabla ya kusimama. Sisemi ni juu ya matofali ya shule tu, maana nimebeba mifuko ya mawe. Lakini mgongo haukati mashauri: yote inayopokea inayaweka pamoja.

Pili, babu kwenye mkeka alikuwa anageuka. Ananyoosha miguu, anaikunja, anaegemea mti, anasimama kuona mbuzi. Hakuna aliyemwambia "usitikisike" saa 4. Na hakuwa anaandika. Ubaya wa kuketi chini darasani ni hasa kuandika juu ya paja: shingo inakatika kabisa mbele, mgongo unakuwa kama upinde. Kuna inchi ambazo watoto walisoma wameketi chini, lakini mbele yao kulikuwa kimeza kifupi cha kuandikia. Kile kimeza ndicho sisi hatuna.

Tatu, kuna mambo ambayo mzee wa kiume hayafikirie. Msichana aliyeketi chini na jupe, mkono mmoja unaandika, mwingine unashika nguo. Akiwa mkubwa, siku zake zikifika, anabaki nyumbani. Na vumbi, na baridi ya asubui kule Kirungu juu mlimani, na funza. Tukisema tunapenda wasichana wasome, tuanze na mahali wanaketi.

Sasa kipimo chenyewe. Si jambo la wazungu wala la injenya. Mwalimu yeyote mwenye kamba anaweza kupima. Mtoto akiketi vizuri:

Nyayo zake zote mbili zinakanyaga chini, kisigino na vidole.

Goti limekunjwa kama ekeri ya fundi wa mbao, na kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti panaingia vidole viwili ao vitatu.

Mikono ikining'inia, kiwiko kiko karibu sawa na uso wa meza. Meza ikiwa juu sana, mabega yanapanda. Ikiwa chini sana, mgongo unainama.

Mgongo uko na kitu cha kuegemea, hata ubao mmoja tu kwenye kiuno.

Meza haiko mbali. Pupitre zetu nyingi, kiti na meza zimepigwa misumari pamoja. Fundi akiweka nafasi kubwa katikati, mtoto ataandika ameinama hata kama urefu ni sawa.

Kule Ulaya wameweka kanuni moja, EN 1729, yenye kugawanya viti na meza za shule kwa namba, sawa na viatu, na kila namba iko na rangi yake. Kwa mfano, mtoto mwenye urefu wa sentimita 108 mpaka 121, kiti chake ni sentimita 31 na meza 53. Mwenye 119 mpaka 142, kiti 35 na meza 59. Mwenye 133 mpaka 159, kiti 38 na meza 64. Angalieni tofauti: kati ya mdogo na mkubwa, kiti kinapanda sentimita 7, meza inapanda 11. Ni kitu kidogo kwa fundi, lakini kwa mtoto ni tofauti kati ya kukanyaga chini na kuning'inia.

Sisemi tufuate vipimo vya Ulaya kwa macho ya kufunga. Watoto wetu wengi ni wafupi kwa miaka yao, juu ya chakula kidogo, na katika darasa moja unakuta wa miaka 6 na wa miaka 10. Basi tusipime kwa mwaka wa masomo, tupime kwa mwili. Mwalimu asimamishe watoto kwenye ukuta, apime toka chini mpaka nyuma ya goti, aandike. Asubui moja inatosha kwa shule nzima. Atakuta makundi matatu: wadogo, wa katikati, wakubwa. Vipimo vitatu vinatosha kwa shule ya msingi. Si sita, si kumi. Vitatu.

Tena wazee wetu walifahamu jambo. Wenye kusoma zamani kwenye mission wanakumbuka pupitre zenye uso wa kuinama kidogo kuelekea mtoto, na tundu la wino pembeni. Siku hizi tunafanya meza bapa, maana ni rahisi. Daktari mmoja wa Denmark, Mandal, tangu miaka ya 1970 alipigana ili uso wa meza ya shule uinamie mtoto, kwa sababu daftari likiinuka, shingo haishuke sana. Kule kuinama kunamwomba fundi mteremko mdogo tu, na kijiti cha kuzuia kalamu isianguke.

Moba yetu si mahali pa kufundishwa thamani ya shule. Huku ndiko alitoka Abbé Stefano Kaoze, mu-Kongo wa kwanza kupewa upadri katika nyakati hizi, mwaka 1917, wakati huu mji uliitwa Baudouinville. Elimu ilianza mapema hapa. Ni aibu kwamba miaka zaidi ya mia moja imepita, na mtoto wa Moba angali anatoka nyumbani asubui na kiti chake kichwani, anarudi nacho jioni, maana akikiacha kitaibiwa.

Na kuhusu kubeba, sendika iko na neno. Mwaka 1967, Shirika la Kimataifa la Kazi lilipitisha mapatano namba 127 juu ya uzito ambao mfanyakazi mmoja anaweza kubeba. Mashauri yaliyofuatana nayo, namba 128, yanataja kilo 55 kwa mwanaume mkubwa. Tunapigana juu ya kilo hizo kila siku. Lakini mtoto wa miaka 9, mwenye kilo 25 hivi, anabeba bido ya litre 20 toka ziwani ao toka mtoni kabla ya kwenda shuleni. Ni kilo 20 kwa mwili wa kilo 25! Wenye kujua afya wanashauri mzigo wa mtoto wa shule usipite sehemu 10 mpaka 15 kwa mia za uzito wake. Kwa huyu ni kilo 2 na nusu mpaka 4 hivi. Ndiyo, maji yanahitajika, najua, na mama hana mikono kumi. Lakini mumpe bido ya litre 5, aende mara mbili, na msimpe asubui wakati anaenda kuketi saa 4 na shingo iliyokwisha kuchoka.

Sasa tuje kwenye feza, maana bila feza haya yote ni hadisi.

Wengi watasema: ni kazi ya Leta. Ni kweli. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya Leta ni ya lazima na ni ya bure. Mwaka 2019 gratuité ilianza kweli, na wazazi maskini walimshukuru Mungu, mimi pia. Watoto wakajaa madarasani. Lakini mlango ulifunguliwa kabla viti havijafika. Benchi ya watoto wawili ikabeba wane, hata watano. Hata pupitre yenye kipimo kizuri haiwezi kusaidia kama watoto watano wanaandika juu yake bega kwa bega: wa pembeni anaketi nusu tako, mgongo wake umepindana kwenda njiani. Kwa hiyo hesabu nayo inahitajika. Sisemi tuache kuhesabu. Nasema tuhesabu na tupime.

Ngambo ya pili ya ziwa walipita njia hiyo mbele yetu. Mwaka 2016 Tanzania ilipotangaza elimu bila malipo, watoto walijaa na madawati yakakosa. Rais Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa na wilaya wamalize ukosefu huo mpaka tarehe 30 Juni mwaka uleule. Bunge nalo likatoa shilingi bilioni 6 ambazo lilikuwa limezuia katika matumizi yake. Wenye kuvuka kwenda Kirando na Kigoma walisikia habari hiyo. Somo langu kwa jambo lile ni moja: mkubwa akitaja tarehe, na akataja mtu wa kujibu, mbao zinatembea. Sisi huku tarehe yetu ni "tutaona."

Lakini sisi watu wa mine tuko na njia nyingine ambayo haingojee Kinshasa. Kodi ya mine iliyobadilishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 inagawanya redevance hivi: sehemu 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa chefferie, sekta ao komini ambako madini inatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya ile, kampuni yenye kuchimba inapaswa kutoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya wenyeji. Na iko cahier des charges, ambayo kampuni na wenyeji wanaitia saini pamoja. Hii si sadaka, ni sheria. Pale ambapo mine inalipa, pupitre za shule zinaweza kutoka pale.

Ndiyo maana nasema kosa langu ni kubwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeandika mstari mmoja zaidi: "20 za wadogo, 20 za katikati, 20 za wakubwa, na vipimo hivi." Bei ingebadilika kidogo tu, hata ingeshuka, maana pupitre ya mdogo inakula mbao kidogo. Nilikosa mstari mmoja, na watoto wa mwaka wa kwanza wananing'inia miguu hadi leo.

Na mbao? Hatuna haja ya kuagiza viti vya plastiki toka mbali. Tuko na mulombwa, tuko na miti ya kupandwa, tuko na mafundi wa mbao wenye kukaa bila kazi. Tuliona upande wa Haut-Katanga magari yakibeba mukula kwenda mpaka China, magogo kwa magogo. Inchi yenye kuuza magogo na kuketisha watoto wake chini inapaswa kujiuliza mara mbili. Kazi ikipewa fundi wa hapa, feza inabaki hapa, na pupitre ikivunjika mtengenezaji yuko karibu. Tena fundi wa hapa unaweza kumwita darasani, aone mtoto kwa macho yake kabla ya kukata ubao. Fundi wa mbali anapokea namba tu.

Wakati tunangojea, kuna mambo ambayo mwalimu na komite ya wazazi, ile COPA, wanaweza kufanya wiki hii bila franka hata moja.

Kwanza, mabadilishano. Shule nyingi ziko na pupitre ndefu na fupi zilizochanganyika bila mpango. Panga upya: fupi ziende kwa wadogo, ndefu kwa wakubwa. Ni kazi ya siku ya salongo.

Pili, kwa miguu yenye kuning'inia, weka ubao ao safu ya matofali chini ya pupitre, mtoto akanyage. Tofali lile ambalo tuliketi juu yake sasa liwe la miguu. Sisi tulifanya hivyo kwenye shule niliyotaja: wazazi walileta matofali, na mwaka wa kwanza ukatulia. Mwalimu mwenyewe aliniambia, "Ndugu delege, sasa wananisikia." Lakini meza ingali juu, basi si dawa ya kudumu.

Tatu, msimamisheni mtoto. Kila nusu saa, dakika mbili: simama, nyoosha mikono, geuza shingo, keti. Hata kiti kizuri kabisa kinakuwa kibaya mtoto akikaa juu yake bila kutikisika. Mwalimu asipige mtoto mwenye kutikisika. Mara nyingine mwili wake unajitetea.

Ine, mbadilishe nafasi. Mwenye kuketi pembeni kila siku, mwezi wote anapinda upande mmoja kuangalia ubao mweusi.

Kwa wakubwa wa chefferie na wa teritware, kwa wale wa programu ya teritware 145 wenye kujenga shule mpya, na kwa wenzangu wa sendika wenye kuketi katika komite za feza ya mine, ombi langu ni moja, tena si gumu: orodha yoyote ya pupitre isitiwe saini bila vipimo vitatu kuandikwa juu yake, na bila direkta wa shule kuonyesha karatasi ya urefu wa watoto wake. Kusiwe karatasi, kusiwe saini. Vile vile tunafanya kwa viatu vya kazi.

Kwa mwaka ujao wa masomo, orodha mpya itaandikwa katika mtaa wetu. Nimekwisha kumwambia direkta: mbele ya kuniletea karatasi, unitafutie kamba na ukuta, nitakuja mwenyewe tupime. Yule msichana wangu atakuwa amepanda darasa na magoti yake yatakuwa yamefika chini, Mungu akipenda. Lakini kuna wengine nyuma yake, na hawana mtu wa kusema kwamba miguu yao iko inalala.